Taa ya Kando ya Jicho

Kikasha kililia mpaka kinyozi wa chumba cha pili akachungulia mlangoni, mashine ya kunyolea mkononi, sikio moja akiwa ameliziba kwa kidole. Kilikuwa na mlio mwembamba, mkali, wa kutia ganzi kwenye meno. Skrubu zilizowekwa ndani ya kifuniko cha chupa, pale juu ya meza ya kazi, zilicheza. Mwenye kikasha, mtu mpana wa mabega ndani ya koti la ngozi la waendesha pikipiki, alikuwa ameupa mlango kisogo. Alikiinamia kile kikasha, akakigonga kwa ukucha, kisha akainua uso wa mtu aliyeshinda kesi.

"Umeona mwenyewe, shemeji? Maiti!"

Fundi alikitazama kikasha, akamtazama na shemeji yake. Alingoja kicheko. Tangu dada yake mdogo aolewe na huyu bwana, wawili hawa hawakuwahi kukutana bila kutaniana, na fundi aliamini kwamba hata huu ulikuwa utani, tena wa kijinga. Kicheko hakikuja. Kidole cha fundi kilikuwa bado juu ya kitufe cha kujaribia, na kikasha kilikuwa bado kinapiga ukelele. Akakiachia kitufe. Kinyozi akatikisa kichwa, akarudi kwa mteja wake.

"Spika mpya umenitilia wiki iliyopita," shemeji aliendelea, "hata kikohozi haijatoa. Uliitoa makaburini?"

Fundi hakujibu. Jambo hilo peke yake lilitosha kumshangaza yeyote anayemjua. Mtaa mzima walimwita Shoka, na hawakumwita hivyo kwa sababu ya kupasua kuni. Mtu akimletea redio iliyoliwa na kutu, alimwambia aende akafugie kuku ndani yake. Mama mmoja aliwahi kumwuliza kama pasi yake itapona, akamjibu kwamba pasi itapona ila mtoto anayeitupatupa ndiye anayehitaji fundi. Watu walinuna, wakarudi. Kazi yake ilikuwa safi, na kitu kilichotoka kwenye kile chumba chake kilichojibanza chini ya ngazi hakikurudi tena kwa ubovu uleule. Kikasha hiki kilikuwa cha kwanza kurudi, na tangu asubuhi fundi alikuwa amejiandaa kwa vita.

Sasa vita vilikuwa vimemponyoka. Ubovu ulikuwapo, lakini haukuwa juu ya meza.

Aligeuka kwenye rafu, akajifanya anatafuta bisibisi, akasema akiutazama ukuta, kwa sauti ya kawaida tu: "Nasikia pikipiki unaiuza."

"Eh?" Shemeji alisogea, akainamisha kichwa ili amwone usoni. "Umesemaje?"

Fundi akamgeukia, akarudia.

"Niuze pikipiki? Bora niuze figo!" Akacheka, na papo hapo lori likapita barabarani likinguruma. Akainua kidole juu kama mwalimu. "Msikie huyo. Gia ya tatu imekwisha meno. Hafiki mbali. Masikio haya, shemeji, yangekuwa yanaajiriwa peke yake, ningebaki nyumbani."

Na kweli lori lile lilikuwa na gia mbovu. Fundi naye alikuwa ameisikia. Hapo ndipo alipoelewa. Mingurumo mizito huyu mtu aliisikia vizuri kuliko wengi. Sauti nene za wanaume alizisikia. Zilizompotea ni zile nyembamba: mlio, filimbi, kengele, zile za juu zinazoliwa kwanza na miaka mingi ya upepo na injini. Na kwa kuwa aliendelea kusikia mengi, hakujua kwamba kuna aliyoyakosa. Mtu atajuaje sauti asiyoisikia?

Fundi alifungua mdomo. Sentensi ilikuwa fupi, ya maneno matatu tu: masikio yako yanakufa. Maneno mazito kuliko hayo alishawahi kuyatupa kwa watu asiowajua, kabla ya chai ya asubuhi. Lakini shemeji yake alikuwa akibeba sampuli za damu kutoka hospitali mbalimbali kuzipeleka maabara, na alijivunia kazi ile kama rubani. Alikuwa ameshanaswa kwa mwendo mara mbili. Mara ya tatu leseni ingechukuliwa, na ndiyo maana alinunua kikasha hiki, alichokiita Mnusaji, kwa vile kazi yake ni kunusa mawimbi ya rada za polisi kabla pikipiki haijafika walipo, kisha kupiga kelele.

"Spika ni nzima," Shoka alisema hatimaye. "Upepo ndio unaoimeza sauti. Pikipiki inanguruma, na kichwa umekifunika. Hata mimi nisingesikia."

"Nilijua tu!"

"Nitakufungia taa. Mnusaji akilia, taa iwake hapa." Akagusa juu ya nyusi yake ya kulia. "Kando ya jicho, ndani ya helmeti. Macho yako si mazima?"

"Macho yangu yanaona kesho."

"Basi acha helmeti."

Shemeji aliondoka akiimba. Indiketa ya kulia ilikuwa inawaka tangu alipoingia mtaani, na iliendelea kuwaka alipokuwa anakata kona ya kushoto. Ile pikipiki ilikuwa na kengele ndogo ya kumkumbusha dereva kuizima. Ilikuwa inalia. Fundi aliisikia mpaka ilipofifia mbali, naye akabaki amesimama mlangoni, amekasirika, asijue amemkasirikia nani.

*

Aliporudi nyumbani mchana kula, alimkuta dada yake mdogo sebuleni, na begi miguuni. Begi halikuwa la mtu anayekuja kusalimia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mbona na mzigo?"

"Nimechoka kuongea na ukuta." Sauti yake ilikuwa nyembamba tangu utotoni. Ndugu zake walimtania kwamba alimeza filimbi, na ikipanda kwa hasira ilizidi kuwa nyembamba, kama waya unaovutwa. "Namwita niko jikoni, kimya. Namwita tena, kimya. Nikienda nikasimama mbele yake ananitabasamia: 'Kumbe upo?' Kumbe nipo! Mimi ni paka, kaka? Nipo nipo tu?"

"Labda kazi zimemchosha."

"Wenzake wa kazi wakimwita kutoka nje ya geti anaruka kama kachomwa sindano. Mimi nimekuwa nzi." Aliikunja ncha ya mtandio wake, akaikunjua. "Mtu akikuchoka husema. Wanaume wengine hawasemi, wanakaa kimya mpaka uondoke mwenyewe. Haya, naondoka. Nitakaa kwenu hapa mpaka Ijumaa, wifi hana neno. Ijumaa nakwenda kwa mama, na nikifika kwa mama sirudi."

Fundi alikaa kwenye mkono wa kiti. Dawa ya haya yote ilikuwa mdomoni mwake. Angesema tu, begi lingefunguliwa. Lakini kumwambia mke kabla ya mwenyewe kujua, alihisi, ni kumvua mtu nguo angali amelala. Siri ya mwili wa mtu ni ya mwenye mwili. Kwanza asikie yeye.

"Ijumaa ni mbali," alisema.

"Kwangu mimi ilishapita."

Miaka yote alikuwa amejiambia kwamba yeye ni wa vitu tu. Watu wana wenyewe. Kitu kikiharibika hakikuonei haya wala hakikulilii. Unakifungua, unaona palipoungua, unabadilisha. Alikuwa mkali kwa watu kwa sababu ile ile iliyomfanya awe mpole kwa vyombo: hakutaka kuwafungua. Sasa ameletewa mmoja ambaye hakuna mwingine wa kumfungua ila yeye, tena ana siku chache.

Akapiga moyo konde. Taa kwanza, halafu neno. Hatamwambia mtu kwamba daraja limevunjika bila kuwa na mtumbwi wa kumvushia.

*

Kutengeneza taa hakukuwa shida. Kutengeneza taa inayofaa ndiko kulikomtoa jasho.

Wazo lenyewe lilikuwa jepesi. Nyaya mbili zinazopeleka sauti kwenye spika aliziongezea matawi, yale matawi akayapitisha kwenye transista ndogo iliyofanya kazi ya mlinzi wa geti: Mnusaji akilia, geti linafunguka, umeme unapita, taa inawaka. Rada ikiwa mbali kikasha hulia kwa kudonoadonoa, ikiwa karibu hulia mfululizo, na taa ilifuata hivyo hivyo, mpigo kwa mpigo. Mipigo ilikuwa mifupi mno, jicho likiiona kama vumbi. Akaweka kapasita ya kushikilia mwanga kidogo kabla haujazimika. Kufikia hapo alikuwa anapiga mluzi.

Taa ya kwanza aliitengeneza ya kukaa kwenye usukani. Alipoisogeza juani ikamezwa. Jua la saa sita halikuiachia hata dalili. Akaing'oa.

Ya pili, nyekundu, akaipachika ndani ya helmeti. Aliivaa mwenyewe, akabonyeza kitufe, na dunia nzima ikawa nyekundu. Aliona machozi na zile duara za kijani zinazoelea, akajigonga kwenye rafu. Kinyozi aliyekuja kuazima koleo alimkuta ameketi chini na helmeti kichwani.

"Shoka, unakwenda mwezini?"

"Nikifika nitakutafutia wateja."

Akaing'oa nayo. Akachukua ya rangi ya chungwa, akaipunguzia umeme kwa rezista mpaka ikawa kama kaa la moto linalokaribia kufa. Hapo ikawa hafifu. Akaipandisha kidogo, ikazidi. Akaishusha nusu ya kidogo. Alichonga kipande cha ganda la kalamu ya wino, lile jeupe lisilopitisha picha, akakifunikia juu yake ili mwanga utawanyike badala ya kuchoma. Alitaka taa isiyoliita jicho litoke barabarani. Taa ya kuonwa bila kutazamwa. Alitoa, akarudisha, akachoma kidole, akatukana, akaanza upya. Redio za watu zilikaa rafuni zikingoja, na waliokuja kuziulizia waliambiwa warudi Jumamosi au wajifunze kuimba.

Kila alipobana waya alijizoeza ile sentensi. Akaijaribu kwa upole: "Shemeji, nadhani masikio yako yamechoka kidogo." Akaidharau. Ilikuwa na vipingamizi vingi, umeme haufiki. Akaijaribu kwa utani, kwa hasira, hata kwa kumwambia kikombe cha chai. Hakuna iliyokaa sawa.

Shemeji alipokuja kujaribu, waya wa taa ulikuwa umechomewa moja kwa moja kutoka kwenye kikasha hadi kwenye helmeti. Aliwasha pikipiki, akashangilia taa, akashuka ghafla, na waya ukamvuta shingo akarudi alikotoka kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba.

"Unataka kuninyonga dada yako arithi?" alifoka huku akicheka. Halafu kicheko kikamwishia. "Yuko kwako, sivyo?"

"Yuko."

"Anasemaje?"

Hii ndiyo ilikuwa nafasi. Ililetwa mpaka mlangoni, ikabisha hodi. Fundi alivuta pumzi. "Anasema humjibu."

"Simjibu nini, naye haongei? Nyumba imekuwa kimya kama msiba. Naingia, nakaa, nangoja aseme neno. Hasemi. Halafu ghafla anatokea mbele yangu amevimba uso. Nimemkosea nini, shemeji? Wewe ni Shoka, niambie tu."

Fundi aliitazama ile plagi ndogo mkononi mwake, plagi ya visikilizio vya muziki aliyoitoa kwenye kifaa chakavu ili ikae katikati ya waya na iachie yenyewe ikivutwa. "Kesho," alisema. "Kesho tunakwenda kuijaribu barabarani. Nakaa nyuma. Tutaongea."

*

Alhamisi walikwenda kwanza kwenye duka kubwa lenye milango inayojifungua. Fundi alijua kwamba kijidude kilicho juu ya milango ile hurusha mawimbi ya jamaa moja na rada za polisi, na kwa jaribio la kwanza ni salama kuliko kumchokoza askari. Pikipiki ilipita taratibu mbele ya duka, ikarudi, ikapita tena. Kila ilipokaribia, Mnusaji alilia, na shemeji alipiga kelele ndani ya helmeti.

"Inawaka! Naiona! Hapa hapa kando, kama mtu anayenikonyeza!"

Mlinzi wa duka alianza kuwaangalia vibaya. "Nyie mnatafuta nini hapa?"

"Tunapima mlango wako," fundi alimjibu. "Hauna homa."

Wakaingia barabara kuu. Upepo ulipiga, pikipiki ikanyooka, na fundi, aliyeshika chuma cha nyuma kwa mikono miwili, alihisi furaha ya yule mtu ikimfikia kupitia mgongo wa koti la ngozi. Alisema moyoni: tukisimama tu. Tukisimama, kabla hajavua helmeti, nasema.

Hawakufika pa kusimama. Kwenye makutano ya soko la vitambaa, shemeji alipunguza mwendo ili aingie kushoto. Kengele ya baiskeli ililia nyuma yao, upande huo huo wa kushoto. Ikalia tena, kwa haraka, kwa woga. Fundi aliisikia, akadhani kila mwenye masikio ameisikia, na kwa muda mfupi kama kupepesa jicho akasahau yuko nyuma ya nani. Pikipiki ikakata kona. Baiskeli ikagonga bomba la moshi, ikalala.

Mwanamke wa makamo alikuwa amekaa chini, kiwiko kinamvuja damu. Majora ya kitambaa cheupe cha mapazia yalikuwa yamefunguka na kutandaa barabarani, na moja lilikuwa tayari na alama ya tairi.

"Wewe baba, huna masikio?" alipaza sauti. "Nimepiga kengele mpaka kidole kimeniuma!"

"Hukupiga kengele!" Shemeji alikuwa ameshashuka, helmeti mkononi. Plagi ilikuwa imeachia vizuri kabisa, fundi aliona, na alijichukia kwa kuona hilo wakati huo. "Mama, pole, nitakuinua, nitabeba vitambaa vyako mpaka kwako, lakini usinisingizie. Kengele ningeisikia. Mimi naishi barabarani."

"Nimepiga!"

"Hukupiga. Muulize huyu. Huyu ni shemeji yangu, lakini hata mama yake hampendelei. Mtaa mzima wanamwita Shoka. Shemeji, mwambie. Kengele imelia?"

Watu wawili walikuwa wanamtazama. Mmoja alikuwa na damu kwenye kiwiko na haki yake yote mkononi. Mwingine alimwamini. Fundi alikuwa amepanga kusema mahali pa faragha, polepole, baada ya ile furaha ya taa kutulia. Hapa palikuwa na jua, honi na watu wanaokusanyika.

Alisogea mpaka uso wake ukawa mbele ya uso wa shemeji yake, karibu, ili asikose neno.

"Kengele imelia," alisema. "Mara mbili. Na Mnusaji hajawahi kunyamaza hata siku moja. Ile siku uliyoniambia maiti, alikuwa anapiga kelele mpaka kinyozi akaziba sikio. Spika haikuwa mbovu. Ya kwanza wala ya pili. Dada yangu naye hajaacha kukuita."

Shemeji aliutazama mdomo wa fundi muda mrefu baada ya mdomo huo kufungwa, kana kwamba bado kuna neno litakalotoka kuyafuta yale. Kisha akainama, akaanza kukunja kitambaa. Alikikunja kwa uangalifu, jora kwa jora, akayafunga kwenye baiskeli, akamshika yule mama mkono akamwinua. "Nisamehe, mama," alisema, kwa sauti ambayo fundi hakuwahi kuisikia kwake. Akamvusha barabara. Aliporudi akapanda pikipiki.

"Ulijua," alisema bila kumtazama.

"Nilijua."

"Ukanifungia taa."

Fundi alisogea ili ajibu mbele yake, lakini pikipiki ilikuwa imeshaondoka, indiketa ya kushoto ikiwaka mpaka ilipopotea. Alirudi kwa miguu. Njia nzima hakuona neno la kujitetea, na hakulitafuta.

*

Ijumaa asubuhi fundi alikaa kwenye meza yake ya kazi akiwa na redio iliyofunguliwa, hajaigusa. Dada yake alikuwa amefunga begi. Alikuwa amesema atapita hapo kazini akielekea kwa mama, amwachie kaka yake chakula, maana wifi ametoka. Fundi alikuwa amemwomba angoje mpaka Jumatatu. Dada akamwuliza kwa nini, naye fundi akamwambia, "Kuna mtu anatakiwa kukwambia jambo, na si mimi." Dada yake alimtazama kama mtu aliyeletewa kitendawili wakati ana safari.

Mlango ukatiwa kivuli. Alikuwa shemeji. Hakuvaa koti la ngozi. Aliweka helmeti mezani, akamweka na Mnusaji pembeni yake, akavuta kigoda akakaa, mgongo kwa mlango.

"Nilikaa nacho jana jioni yote," shemeji alisema. "Nabonyeza, naweka sikio. Nabonyeza, naweka sikio lingine. Kimya. Nikaweka vidole." Akagusa matundu ya spika. "Kinatetemeka. Kinatetemeka kama kitoto cha ndege. Nikamwita mlinzi wa ofisini, nikabonyeza, akaziba masikio akaniuliza kama nina wazimu."

Fundi alihakikisha uso wake uko kwenye mwanga. "Nilipaswa kukwambia siku ile ile."

"Ulipaswa." Shemeji akavuta kigoda karibu na meza. "Nimemwambia mkubwa wangu. Barabarani sitoki mpaka nipimwe. Wakinikatalia watanipa kazi ya mezani, nipokee sampuli badala ya kuzibeba. Mimi, mezani!" Alijaribu kucheka. "Labda watanipa kifaa cha sikioni. Labda nitaendesha polepole kama bibi harusi. Sijui. Lakini sikuja kwa hilo."

"Umekuja kwa nini?"

Shemeji alizungusha helmeti mezani, ikageuka nusu duara. "Anaponiita," alisema, "ananiitaje?"

Katika maswali yote ambayo watu walimletea fundi chini ya zile ngazi, hili lilikuwa la kwanza alilotamani angekuwa na sauti ya kulijibia. "Anakuita Mwendo," alisema. "Jina lile lile alilokupa tangu mwanzo. Anaanzia chini, kisha anapandisha mwisho, kama anayeuliza. Mwendoo?"

"Bado ananiita hivyo?"

"Kila siku."

Shemeji aliinamisha kichwa. Kisha, kwa kuwa mikono ilitaka kazi, akaichukua helmeti. "Taa umeiweka juu mno. Nikiinama inapotea."

"Ivae nione."

Akaivaa. Fundi aliinama kuchungulia ndani ya kioo, akapima kwa ncha ya kidole, na alipoinua macho akamwona dada yake amesimama mlangoni, begi mkono mmoja na chakula mkono mwingine. Alikuwa amemwona mumewe kutoka nyuma. Uso wake ulikuwa mkavu. Fundi hakusema kitu.

"Mwendo?" dada yake aliita.

Mabega mapana hayakutikisika.

"Mwendo!"

Helmeti ilikuwa inangoja tu kupimwa. Fundi aliona hasira ikipanda usoni mwa dada yake, akaona mguu mmoja ukianza kugeuka kuelekea nje, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kikasha. Plagi ilikuwa haijachomekwa. Akabonyeza kitufe. Mnusaji akapiga ukelele, ule ukelele wake wote, mwembamba, wa kutoboa, kando ya kiwiko cha yule mtu. Dada yake alishtuka mpaka chakula kikagonga fremu ya mlango. Chumba cha pili kinyozi alitukana. Mumewe alikaa vile vile, ametulia, akitazama mbele kupitia kioo kama mtu anayengoja taa za barabarani zibadilike.

Begi likashuka taratibu mpaka sakafuni.

Fundi aliona jinsi macho ya dada yake yalivyotoka kwenye kikasha, yakaenda kwenye ule mgongo, yakarudi kwenye kikasha, yakaupita mwaka mzima wa jikoni na sebule. Hakukuwa na haja ya kumwongezea neno. Kidole chake cha kwanza kilikuwa kimekufa ganzi kwa kubonyeza, lakini hakukiondoa. Kwa mkono mwingine akaitafuta plagi, akaisukuma mahali pake.

Ndani ya helmeti, kando ya jicho la kulia, kaa dogo la rangi ya chungwa likawaka.

"Eh!" shemeji alisema. "Rada humu ndani?"

Fundi akanyoosha kidole kuelekea mlangoni, naye akageuka.